Maji Yaliyolala Bombani

Kiwandani walimwita Mama Nyuzi, na wageni wengi walidhani ni mshonaji. Kumbe alikuwa fundi wa mabomba. Nyuzi zake zilikuwa zile za kupimia mwinamo: bomba likiinama zaidi au pungufu kidogo tu, siku yake yote iliharibika. Alitembea na pimamaji fupi, kile kifaa cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa, kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Hata kwenye harusi ya binamu yake aliitoa kwenye mkoba akaiweka juu ya meza ya maharusi, kwa sababu keki ilikuwa inamtia wasiwasi. "Imelalia kushoto," alisema. Na kweli ilikuwa imelalia kushoto.

Kiwanda kilikuwa cha maziwa. Maziwa yaliingia kwa malori upande mmoja, yakachemshwa, yakapozwa, yakapita kwenye mabomba ya stenlesi yanayong'aa kama kijiko kipya, yakatoka upande wa pili yakiwa kwenye pakiti. Hapo katikati hakuna aliyeyaona. Mama Nyuzi alikuwa na miaka kumi na moja pale na hajawahi kuyaona maziwa yakitembea. Alijua yamo kwa kuweka kiganja kwenye bomba na kusikia ubaridi.

Siku vipima vya mtiririko vilipofika, alivipokea mwenyewe. Vilikuwa saba, kila kimoja kimelazwa kwenye sponji ndani ya boksi lake kama yai. Alifungua cha kwanza juu ya meza ya karakana, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuchungulia. Alitarajia kukuta feni ndogo, au ulimi, au kitu chochote cha kusukumwa na maziwa. Hakukuta kitu. Lilikuwa bomba fupi tupu, laini kwa ndani, ukiangalia huku unaona kule.

"Wametuletea maganda," alisema.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amesimama mlangoni. Yeye alifanya kazi maabara ya kiwanda hicho hicho, kupima maziwa, na watu walimwita Mpimaji. Mawifi hawa walitaniana tangu siku ya posa, na utani wao ulikuwa na meno.

"Si maganda," Mpimaji alisema. "Pembeni mle kuna sumaku. Maziwa yakipita katikati yake yanazaa umeme. Kidogo sana, hata sisimizi hausikii. Yakienda mbio yanazaa mwingi, yakienda polepole yanazaa kidogo. Chombo kinausoma, kinakwambia zimepita lita ngapi."

"Maziwa yanazaa umeme?"

"Hata maji. Hata damu yako, wifi, kama kweli unayo."

Mama Nyuzi alikigeuza kipima upande wa pili. Alirudia kuchungulia. Mikono yake ilikuwa imezoea vitu vinavyofanya kazi kwa kusugua, kuzungusha na kubana. Hiki kilijua kila kitu kinachopita bila kukigusa. Alikirudisha kwenye sponji taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha sinzia.

Kitabu cha maelezo alikisoma siku mbili, kidole kikifuata mstari. Akagundua kwamba chombo hiki kinataka mambo mawili yanayogombana. Wakati wa kazi lazima bomba lijae mpaka juu, maana hewa ikiingia hesabu inavurugika. Wakati wa kupumzika lazima bomba likauke kabisa, lisibakize hata machozi. Kila jioni mabomba yale yalioshwa bila kufunguliwa: maji, kisha sabuni kali ya moto, kisha asidi, kisha maji tena ya kusuuza. Baada ya hapo kila tone lilitakiwa kuondoka lenyewe, kwa uzito wake, likifuata mwinamo. Tone linalobaki ni chakula na makazi ya wadudu wasioonekana.

Alifunga vipima sita kwa wiki moja. Cha saba kilikuwa cha bomba la pili, lile linalotoka tangi la maziwa yaliyokwisha chemshwa kwenda mashine ya kupakia. Mchoro ulikiweka chini ya tangi, karibu na ukuta, mahali ambapo fundi hulala chali na kufanya kazi kwa kubahatisha. Bomba lilikuwa pana na kipima kilikuwa chembamba, kwa hiyo kila upande alichomelea redusa, ile koni fupi ya kupunguza upana. Akaweka pimamaji juu ya bomba. Sentimita moja kwa kila mita, likiinamia upande wa kutoka. Akapima tena. Akapima mara ya tatu, akatoka chini ya tangi akiwa na vumbi kwenye kope na amani moyoni.

Wiki tano baadaye alikuwa getini anasaini kitabu cha kuingia, akamkuta mwanamke mmoja ameshika pakiti nne za maziwa kwenye mfuko. Mgongoni alikuwa na mtoto, na mwingine wa umri ule ule amemshika mkono. Mlinzi alikuwa anamwambia aandike barua.

"Mimi sina ugomvi na mtu," mwanamke alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimeyachemsha kwa ajili ya hawa mapacha, yakakatika sufuriani. Tarehe bado siku sita. Nimefikiri labda hamjui."

Mama Nyuzi alizipokea zile pakiti akazipeleka maabara mwenyewe. Wifi yake alizitazama namba zilizopigwa chapa, akazigeuza, akazitazama tena. Hakutania.

"Bomba la pili," alisema. "Jumatatu."

"Una maana gani?"

"Funga mlango kwanza."

Mpimaji alitoa daftari lake. Kwa miezi miwili alikuwa akichukua kijiko cha maziwa kila asubuhi kutoka kila bomba na kukipandikiza kwenye sahani za kioo zenye ute, halafu anaziweka kabatini kwenye joto. Mdudu mmoja asiyeonekana, akipewa siku mbili, anazaa mpaka wanakuwa kitone kinachoonekana kwa macho. Bomba la kwanza: kitone kimoja, viwili, hakuna. Bomba la pili kuanzia Jumanne mpaka Jumamosi: vichache. Bomba la pili Jumatatu, baada ya kiwanda kupumzika Jumapili: sahani ilikuwa nyeupe tupu, kama iliyomwagiwa unga.

"Kuna mahali maji yanalala," Mpimaji alisema. "Jumapili nzima yanalala, na wao wanazaliana. Na hali hii imeanza baada ya kipima."

"Unaniambia kazi yangu chafu?"

"Nakwambia wewe kabla sijamwambia mtu yeyote."

"Nimepima mara tatu."

"Najua umepima. Wewe unapima hata keki."

Kwa kawaida wangecheka hapo. Mama Nyuzi alichukua kofia yake ya kazi akatoka, na mlango aliufunga polepole mno, ambavyo ni vibaya kuliko kuubamiza.

Nyumbani jioni hiyo mumewe, mwalimu wa hesabu, alisoma hali ya hewa usoni mwake mapema. Dada yake alikuwa amekwisha kumpigia simu.

"Sisemi kitu," alisema akiwa bado hajaulizwa. "Dada yangu yule, mke wangu wewe. Mimi nasahihisha madaftari."

"Amekwambia nimekosea."

"Ameniambia anaogopa. Tangu utotoni simjui akiogopa. Alikuwa akishika vinyonga."

Mama Nyuzi alikaa akichora bomba kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Mwinamo ulikuwa sawa. Alikuwa na uhakika na mwinamo ule kama alivyokuwa na uhakika na jina la mama yake. Na bado, kila kidole chake kilipofika kwenye redusa, kilisita.

Jumatatu iliyofuata alifika saa kumi na mbili asubuhi, kabla mitambo haijawashwa. Jua lilikuwa linaingia kwa madirisha ya juu na kuchora mistari kwenye sakafu yenye unyevu. Mpimaji alikuwa amekwisha fika, amevaa koti jeupe na glavu, ameshika kikombe cha kioo kilichochemshwa. Walisalimiana kwa heshima nyingi, kama watu wasiojuana.

Mama Nyuzi alijilaza chali chini ya tangi akalegeza klampu ya kwanza, ile pete ya kubana maungio ya bomba. Bomba lilikuwa limepumzika tangu Jumamosi jioni. Kwa mahesabu yake yote lilitakiwa kuwa kavu kama mfupa.

Klampu ilipoachia, maji yakamdondokea shingoni.

Hayakuwa mengi. Mpimaji aliwahi kuweka kikombe, na yakajaza chini yake tu: vijiko viwili, si zaidi. Mama Nyuzi hakusogea. Alivaa glavu mpya, akaingiza kidole ndani ya redusa upande wa chini, na kidole kikateleza. Kulikuwa na utelezi mwembamba kama wa jiwe la mtoni.

Hapo akaelewa. Aliona yote kwa mara moja, na hakuhitaji mtu kumweleza. Redusa ile ilikuwa inajipunguza pande zote sawa, juu na chini, kama faneli. Kwa hiyo pale bomba pana lilipokutana na kipima chembamba, sakafu ya ndani ilipanda ghafla kama kizingiti cha mlango. Maji yalishuka vizuri kwa mwinamo wake mzuri, yakafika kwenye kizingiti, yakasimama. Pimamaji ilikuwa imesema kweli, lakini ilikuwa juu ya mgongo wa bomba, nje. Maji yalipita tumboni.

"Wifi," alisema akiwa bado amelala chali. "Ni mimi."

"Toka huko," Mpimaji alisema. "Njoo uone kwanza."

Katika miaka yote kumi na moja hakuwa amewahi kukaa kwenye kile kiti kirefu cha maabara. Mpimaji aliweka tone moja kwenye kioo, akalifunika kwa kioo kingine chembamba kama gamba la samaki, akarekebisha hadubini, akasogea.

Mwanzoni Mama Nyuzi aliona kope zake mwenyewe. Kisha mwanga. Kisha mwanga ule ukatulia, na ndani yake kukawa na watu.

Hilo ndilo neno lililomjia, na baadaye alipolisimulia hakulibadilisha. Vilikuwa vijiti vidogo, maelfu, vinakwenda. Vingine vilikata mbio moja kwa moja kama vina haraka ya kuwahi jambo, vingine vilizunguka mahali pamoja, vingine vimeshikana viwili viwili na kutikisika. Kimoja kilikuwa kimebonyea katikati, na alipokitazama muda wa kutosha aliona kwamba kinataka kuwa viwili. Pembeni kulikuwa na bonge, kama mtaa uliojengwa ukabanana, na vijiti vinatoka na kuingia. Hakukuwa na sauti yoyote. Alijikuta amezuia pumzi asije akavipulizia.

"Hili ni tone moja?" aliuliza.

"Moja."

"Na mle mlikuwa na vijiko viwili."

"Eeh."

"Wangapi?"

Mpimaji alitaja hesabu. Mama Nyuzi alimwomba arudie. Ilikuwa kubwa kuliko watu wote aliowahi kuwaona maishani, kuliko wote waliowahi kuishi katika nchi aliyozaliwa, na wote walikaa nyuma ya kizingiti cha milimita tisa alichokichomelea yeye kwa mkono wake. Mwili ulimsisimka mpaka visigino. Alitaka kuchukia, maana hao ndio walioharibu maziwa ya mapacha, lakini chuki haikuja. Kilichokuja kilikuwa kitu cha kumfanya mtu avue viatu.

"Hawajui kama wako kwenye bomba," alisema hatimaye.

"Hawajui lolote. Wamepata maji yaliyotulia, basi." Mpimaji alimwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu posa. "Sasa twende kwa msimamizi. Au nitangulie mimi?"

"Natangulia mimi."

Msimamizi wa uzalishaji alikuwa mtu wa kusikiliza huku anatembea. Safari hii alisimama. Alisimamisha bomba la pili siku hiyo hiyo, akaamuru pakiti zote za Jumatatu zirudishwe kutoka madukani. Kisha akatafuta njia ya mkato, kama kazi yake ilivyomfundisha.

"Tuongeze dakika kumi za maji ya moto asubuhi."

"Yanapita juu yao," Mama Nyuzi alisema. "Wao wako chini ya kizingiti wameshikamana. Ni kama gari linavyopita darajani, walio chini wanasikia kishindo tu."

"Mchoro ulipitishwa na kusainiwa."

"Mchoro uliandika redusa, haukusema ya namna gani. Aliyechagua ni mimi. Kwenye ripoti andika mimi."

Msimamizi alitoa kalamu mfukoni. "Unataka nini?"

"Jumapili moja. Na wifi yangu."

Jumapili ile walianza saa mbili asubuhi. Mama Nyuzi alikata kipande chote cha chini ya tangi akakiondoa. Kipima alikihamishia mahali pengine kabisa, kwenye bomba linalopanda wima kutoka pampu kwenda mashine ya kupakia. Siku nyingi alikuwa amelipita bomba lile bila kuliona. Maziwa yakipanda, hayana budi kujaza bomba lote, kwa hiyo kipima kitashiba. Pampu ikizimwa, kila kitu kitarudi chini kwa uzito wake na kutokea kwenye valvu ya mwisho. Yale mambo mawili yaliyokuwa yanagombana yalipatana pale. Na mahali ambapo bomba liliendelea kulala, alitumia redusa yenye tumbo bapa, ambayo hupunguza upande wa juu tu na kuiacha sakafu ya ndani imenyooka.

Alichomelea taratibu, akijaza gesi ndani ya bomba ili mshono usiungue kwa upande usioonekana. Alipomaliza aliingiza kamera ndogo ya waya, wakatazama wote wawili kwenye skrini. Ilikuwa kama kupita kwenye korido ya fedha isiyo na mwisho. Mshono ulikuwa duara moja jembamba, tambarare, kama pete iliyozama kwenye kidole.

"Umeshona," Mpimaji alisema. "Leo ndiyo nimejua kwa nini unaitwa Nyuzi."

Jaribio la mwisho lilikuwa la Mpimaji. Aliyeyusha unga wa manjano, vitamini isiyodhuru mtu, inayong'aa ikimulikwa kwa taa ya zambarau. Wakaipitisha kwenye bomba zima. Wakaziba madirisha kwa maturubai na kuzima taa, chumba kikawa giza saa saba mchana, na Mama Nyuzi akafungua klampu ya juu na kumulika.

Bomba liliwaka. Mwanga wa kijani na dhahabu ulijaa ndani yake, ukapanda mpaka pale macho yalipokoma, na matone yaliyokuwa yakishuka ukutani yalikuwa nyota zinazotambaa. Wanawake wawili wazima, wenye watoto na madeni ya usingizi, walisimama wakitazama ndani ya bomba kwa zamu, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi kabla hajaombwa.

"Sasa suuza," Mpimaji alisema kwa sauti ya chini, kama wako mahali pa ibada.

Waliosha kama kiwanda kinavyoosha kila siku, muda ule ule, nguvu ile ile, wakaacha bomba lishuke lenyewe. Mama Nyuzi aliwasha tena taa ya zambarau. Alimulika juu, chini, kwenye mshono, kwenye shingo ya kipima, nyuma ya kila kona ambayo mwanga uliweza kufika.

Giza. Giza safi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na hata punje moja ya kijani.

Nje ya maturubai mtu alipita akiburuta ngazi. Mama Nyuzi alipitisha kitambaa cheupe kwenye mdomo wa bomba, akakitazama, akampa wifi yake, naye akakitazama. Kisha Mpimaji akaanza kulia kidogo, akasema ni ile sabuni, na Mama Nyuzi akakubali kwamba sabuni ya kiwanda ni kali kweli.

Wiki zilizofuata alivifungua vipima vingine sita bila kuagizwa. Viwili vilikuwa na kizingiti kile kile, kidogo zaidi, kwenye bomba la kurudishia maji ya kuoshea. Akavirekebisha, akaandika ripoti ya kurasa tatu, na mumewe akamsahihishia nukta tu. Maziwa ya bomba la pili yalianza kufika tarehe yake na kuipita.

Mwezi mmoja baadaye simu ya karakana ililia. Alikuwa mchoraji aliyechora mfumo wote ule, mwanamume mwenye sauti ya taratibu ambaye hawakuwahi kuonana. Ripoti ilikuwa imemfikia.

"Nimeisoma mara nne," alisema. "Nina mchoro mwingine mezani. Kiwanda cha maji ya dripu, yale ya kuwekwa mishipani kwa wagonjwa. Kazi inaanza wiki ijayo. Nimeweka vipima kumi na viwili." Karatasi ikachakacha. "Vyote vimelala."

Mama Nyuzi alivuta kiti akakaa. Alifikiria mishipa ya watu asiowajua, myembamba kuliko bomba lolote aliloshika, na kitu kinachotoka kwa mbali kuja kuingia humo.

"Una penseli?" aliuliza.

"Ninayo."

"Usinitajie namba. Nianzie pale maji yanapoingia, unieleze yanapita wapi. Polepole. Yakitaka kulala nitakwambia."

Mchoraji akaanza kueleza, na yeye akafumba macho, akaingia bombani.